Rupia ya Mama na Herufi Iliyogongwa Mara Mbili

Mimi ni fundi saa, na kazi ya saa imekwisha. Watu wanaangalia saa kwenye simu, na wachache wanaokuja kibandani kwangu mtaani Rohero wanataka betri tu. Ndiyo maana nilipata nafasi ya kuingiwa na wazimu wa sarafu za kale. Lenzi ya jichoni ninayo, subira ninayo, na kuchekwa nimekuzoea. Mama yangu mwenyewe, akinikuta nimeinamia rupia ya Mjerumani, alikuwa akisema, "Ona mutu muzima! Anatafuta chawa kwenye feza."

Chawa wangu ni herufi. Kwenye zile rupia za fedha, zilizotumika hapa kabla Mbelgiji hajaja, kuna herufi ndogo inayotaja mji zilikofuliwa: A ni Berlin, J ni Hamburg. Zamani herufi hiyo iligongwa kwa mkono kwenye chuma cha kufulia sarafu. Fundi akiipachika vibaya aliigonga tena juu yake, na ile ya kwanza ikabaki inachungulia pembeni. Kila sarafu iliyotoka kwenye chuma hicho ilizaliwa na kosa hilo hilo. Sisi wenye ugonjwa huu, wa nchi mbalimbali, tunatumiana picha na kulinganisha. Yangu imelala kushoto, yako imepanda juu. Kitabu hiki kinaipa namba hii, kile kinaipa nyingine, nasi tunabishana wiki nzima. Mke wangu anasema ningekuwa natazama wanawake kwa makini kiasi hicho, angekwisha rudi kwao.

Rupia iliyonitia ugonjwa ni ya mama. Alivishwa shingoni na mama yake siku ya harusi, kama bibi naye alivyovishwa na wake. J yake ilikuwa na kivuli, J nyingine iliyovutika kushoto. Shavuni mwa mfalme wa Kijerumani kulikuwa na mkwaruzo mwembamba, kwa sababu sonara aliponyokwa na tupa alipokuwa akiunga pete ndogo ya kupitishia uzi. Niliipiga picha ile herufi hadi ikajaa kioo chote cha simu. Shavu sikulipiga. Nani katika sisi alikuwa na haja na shavu?

Mama alikuwa akiishi Gatumba, karibu na mpaka. Mafuriko yalipokuja alitolewa nyumbani kwa mtumbwi, na rupia ilikuwa kwenye kopo kwa kuwa uzi ulikuwa umekatika. Kopo lilikwenda na maji. Nikamleta nyumbani kwangu, mtaa wa Buyenzi, macho yake yameshaanza kufifia, na tangu hapo mkono wake haukutulia. Alikuwa akiongea na wewe huku vidole vinapapasa shingo, kisha vinashuka. Binti yangu alipochumbiwa, mama alisema neno moja tu: "Nitamuvika nini mutoto?"

Nikawaambia wanawake wote ninaowajua wanaovuka mpaka na bidhaa wanitafutie rupia hiyo. Mmoja wao, mama wa Uvira, ng'ambo ya mpaka, anayenunua fedha kuukuu na vikuku vilivyovunjika, alinitumia picha siku moja. Nilikuwa nimemwambia apige herufi tu, naye akapiga herufi tu. Ilikuwa J, na kivuli chake kimelala kushoto. Nikaiweka kando ya picha yangu, nikapima kwa jicho, nikapima kwa rula, nikalia pale pale kibandani mbele ya mteja wa betri. Nikampigia simu yule mama: iweke, usimpe mtu, ni ya mama yangu.

Maneno hayo ndiyo yaliyoharibu. Kwetu huwezi kumpelekea mzee wa mtu kitu kichafu. Nilipofika Gatumba alinikabidhi rupia imeviringwa kwenye kitambaa cheupe, anacheka kwa furaha.

"Papa fundi, nimeisafishisha! Kitu ya mama hauwezi kuleta na buchafu yake. Sonara ameipiga tupa, ameisugua, ameweka pete mupya. Atavaa leo leo."

Ilikuwa inang'aa kama sufuria ya bi harusi. Herufi ilikuwapo, imefifia kidogo. Shavu la mfalme lilikuwa laini kama sabuni, na ukingoni, mahali ambapo ningetafuta alama ya pete ya zamani, tupa ilikuwa imekwisha pita. Nikamshukuru. Mtu amekutendea wema kwa moyo wake wote, utamgombeza vipi?

Mama alinisubiri barazani, amejifunga kanga mpya. Aliichukua, akaizungusha mikononi, akaipapasa pande zote.

"Ni ile yangu?"

Mjinga angesema ndiyo, na mama angekufa na furaha yake. Mimi nilijua kwamba herufi inataja chuma, haimtaji mwenye sarafu. Chuma kimoja kina watoto maelfu.

"Mi sijue, mama. Zimetoka kwenye chuma moja. Inaweza kuwa yako, inaweza kuwa ya mwingine."

"We na lenzi yako yote ile, haujue?"

"Apana, mama. Imesuguliwa."

Akanishika mkono, akaiweka kiganjani mwangu, akanifunga vidole.

"Basi si yangu. Maji haikupita kwangu tu. Kuko mama mwingine anashikashika shingo. Umurudishie."

Nilimbembeleza, mke wangu akambembeleza, akakataa katakata. Yule mama wa Uvira hakumbuki aliinunua kwa nani. Ilikuwa ndani ya mfuko na vikuku. Binti yangu aliolewa na mkufu wa dukani, na mama alipiga vigelegele kuliko wote.

Najuta, na sijui hata nijute lipi. Kusema kweli si dhambi. Ila kati ya wenzangu wa sarafu wapo siku hizi nisiowajibu wakinitumia picha na kuniuliza rupia yao ni ya aina gani.

Rupia iko kwenye droo, na mpakani bado naulizia. Kila nikirudi kutoka Gatumba, mama ananiuliza kama mwenyewe amepatikana. Ya kwake haulizii tena.