Kupe wa Kwenye Kichupa

Juzi nilirudi Kamina, kwenye nyumba yetu ya matofali karibu na reli. Mlango umefungwa kwa waya. Mbuzi wa jirani akaja kujikuna ukutani, masikio yamejaa kupe, nami nikacheka peke yangu. Rafiki yangu, kupe aliwahi kunipa tumaini ambalo hata padri hakunipa.

Baba alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Treni ikiingia, alipapasa ekseli za magurudumu kwa kiganja, ajue ipi imepata moto. Jioni akanigusa paji la uso vilevile: "Hapa hakuna moto. Tuende tukule bukari," yaani ugali. Halafu siku moja mabehewa mawili yakambana mkono wa kuume, ukakatwa. Tangu hapo alikaa nyuma ya nyumba, ameipa reli mgongo. Hakunigusa tena.

Kazi yangu ilikuwa kutoa kupe kwenye mbuzi wa nkambo, mama yake baba. Yeye aliwatupa kwenye makaa, wakalia pwa! Siku hiyo nikamkata mmoja mdogo mguu wa mbele, bahati mbaya tu.

"Umemupofusha," nkambo akasema. "Kupe anasikiaka harufu na muguu ya mbele. Lakini akivua ngozi, itaota tena."

Itaota! Nikamficha kupe yule kwenye kichupa cha dawa ya sindano, nikaziba kwa pamba. Kila asubuhi kabla ya masomo nilimchungulia. Alilala kama mfu, wiki baada ya wiki. Kisha nikakuta ngozi tupu, na kando yake kupe mpya, miguu minane, mmoja mfupi. Nikampulizia pumzi. Akainua miguu ya mbele, hata ule mfupi, akaipunga hewani akinitafuta.

Nikakimbia. "Baba, angalia! Imeota! Na inasikia harufu!"

Akaangalia sana. "Ee, kupe iko na bahati."

"Na weye, utavua ngozi siku gani?"

Nkambo akaacha kupepea makaa. Baba akacheka, kisha macho yakamjaa machozi. "Mutoto wangu, bantu habavuake ngozi."

Lakini akanyanyua mkono wa kushoto, akauweka kwenye paji langu, kombo. "Ngoja kwanza. Huyu mukono hajajua kazi." Na kila jioni akaufundisha, mpaka ukajua.

Sasa nkambo hayupo, baba hayupo. Mbuzi alipoondoka, kupe mmoja alibaki ukutani. Nikasogeza uso, nikampulizia. Akainua miguu. Kwenye uwanja ule mzima, ni yeye tu aliyenitafuta.