Vitabu Vyenye Harufu ya Ndagala

Ukiwahi kupita karibu na ndagala, wale dagaa wadogo, walioanikwa kwenye mchanga wa Ziwa Tanganyika, harufu yao unaijua. Wengine huziba pua. Mimi husimama, maana kwangu hiyo ni harufu ya vitabu vya mapenzi.

Miaka ya vita tulikaa mtaa wa Bwiza, mama na mimi, katika nyumba ya kupanga, ua mmoja na Mama Furaha, mwanamke wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, aliyeuza ndagala sokoni. Chini ya meza yake, kando ya magunia, aliweka riwaya za mapenzi za Kifaransa zilizochakaa, alizozinunua kwa wachuuzi wa mitumba. Kwa hiyo wapenzi wake wote, hata wale wa Ulaya waliokutana hotelini wamevaa hariri, walinuka samaki.

Alisoma vingi, na hakuna kitabu kilichomponyoka bila hukumu. Yule mwanamume tajiri asiyesema neno, ambaye waandishi hawachoki kumsifu, yeye hakumpenda hata kidogo. Alisema huyo hana mapenzi mazito, ni bahili tu. Leo anabania maneno, kesho atabania sukari. Wala hakuamini kisa kisicho na mama mkwe. Hao Wazungu, aliuliza, wanaoanaje bila mtu wa kuwakataza?

Mama yangu, mwalimu wa shule ya msingi, alisoma vitabu vya upelelezi tu, naye alikuwa na sheria zake. Mwandishi aliyeficha muuaji kitabu kizima, halafu akamleta mgeni kwenye kurasa za mwisho, alimwita mwizi. Polisi mlevi alimvumilia. Polisi mvivu akitokea, alifunga kitabu na hakukifungua tena.

Jumapili baada ya misa Mama Furaha alikuja kunisuka, na hapo ndipo walipobishana, kichwa changu kikiwa kati ya magoti yake. Hoja ikimkera, alizikaza nywele. Nimetokwa na machozi kwa ajili ya ndoa nyingi ambazo sikuwahi kuzisoma.

Baba yangu alikuwa ameuawa mwaka mmoja kabla ya Jumapili hizo. Alikwenda Ruziba kumwangalia dada yake mgonjwa, akauawa njiani akirudi. Baada ya mazishi mama alinishika mkono tukaenda ofisi moja, kuuliza kama kuna mtu anayelifuatilia jambo lile. Bwana tuliyemkuta alikuwa akimenya karanga. Hakuuliza jina la baba. Alisema kwa upole kwamba hii ni vita, mama, akaendelea kumenya. Nyumbani wazee walitufariji kwa kusema msiba wa wengi ni harusi. Siku zile misiba ilikuwa ya wengi kweli. Harusi yenyewe sikuiona.

Jumapili moja, milio ya bunduki ikisikika mbali upande wa vilimani, Mama Furaha alimwona mama amekishika kitabu chenye picha ya kisu kwenye jalada. Akaacha kusuka.

"Mama Nadia," alisema, "damu iko inje hapa, na weye unaenda kuitafuta tena mu kitabu?"

Mama hakuinua macho. "Mu kitabu mutu akikufa, watu wanasimama. Wanauliza nani alimuua. Mutu mumoja tu, na kitabu kizima kinamuulizia."

Mama Furaha alirudi kwenye nywele zangu, akasuka taratibu mno, bila kuvuta. Mimi nilifurahi tu kwamba hainiumi.

Kisha zamu yake ikafika. Alikuwa na mdogo wake, Jeremi, fundi wa redio, kijana wa kucheka ovyo. Siku moja alipeleka redio ya mteja huko Gasenyi, asirudi. Kesho yake walimkuta amekufa mferejini. Tulimzika haraka, kama walivyozikwa wote. Mama Furaha aliacha kwenda sokoni, na vitabu akavigawa vyote kwa wauza karanga wafungie karanga zao.

Alasiri moja mama alivua miwani, akavuka ua na kuketi naye mkekani. Nilifuata, nikakaa kizingitini. Nilitarajia sala. Mama akauliza, "Jeremi alivaa nini siku ile?"

Mama Furaha alimtazama kana kwamba hakusikia. Halafu akasema ni shati la bluu. Kifungo cha juu kilikuwa kimeanguka, naye alitaka kumshonea, Jeremi akasema atachelewa. Mama akauliza alikula nini kabla ya kutoka. Alipitia njia gani. Redio ilikuwa ya nani. Nani alimwona wa mwisho. Kila swali lilifungua mlango, na Mama Furaha akasema, akalia, akasema tena, hata akacheka mahali fulani, alipokumbuka jinsi Jeremi alivyobeba redio ile kama mtoto mchanga.

Mimi moyo ulinidunda. Niliamini mama anamtafuta muuaji, na kwamba kabla giza halijaingia atamtaja.

Hakumtaja. Maswali yalikwisha. Kisha Mama Furaha akajifuta uso kwa kitenge chake, akamgeukia mama.

"Na Baba Nadia? Yeye alivaa nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza. Suruali ya kijivu, mama alisema. Viatu alivyoazima kwa kaka yake, vilimbana. Sauti yake ilikuwa ndogo, ya msichana.

"Alikuwa amefika tayari kwenye lango," alisema, "akarudi kumuaga mutoto. Mutoto alikuwa amelala. Akasema, basi, umuache."

Sikujua. Nilikaa pale kizingitini nikisikia kwamba baba alirudi kwa ajili yangu, akasimama juu ya usingizi wangu, akaenda.

Muuaji wa Jeremi hakujulikana, wala wa baba. Kwa miaka mingi nilihesabu kwamba alasiri ile mama alishindwa. Nimekuwa mtu mzima, nimezika wangu, ndipo nikaelewa kwamba hakuwa anatafuta jibu. Alitaka marehemu naye auliziwe.