Tairi Yangu, Simu kwa Kaka

Nafula, binti wa kaka yangu Makokha, alinipigia simu jioni moja nikianua mahindi uani. Hakusalimia sana. Aliniambia wageni wa mahari wanakuja kwao Musanda Jumamosi, na kwamba baba yake ameshawaahidi watu wa kijana kuwa mambo yamekwisha. "Senje, uje kabla hawajala," akasema, halafu simu ikakatika.

Ninyi wenzangu wa hapa Lugari mmetoka kila pembe, na huenda hamjui desturi ya kwetu. Shangazi, yaani senje, ndiye anayemuuliza msichana mbele ya wageni: watu hawa unawajua? Wazee wapokee walicholeta? Akisema wapokee, wanapokea. Asiposema, hakuna mkono unaonyooshwa. Na swali hilo huulizwa kabla wageni hawajanawa. Wakishakula ugali na kuku wa nyumba ile, obusuma na ingokho kama tunavyosema, neno limefungwa. Senje akifika baada ya hapo anapewa chai kama mpita njia.

Nafula yuko mwaka wa mwisho katika chuo cha ualimu pale Kakamega. Kijana mwenyewe hana ubaya wowote. Ila kwao walitaka aolewe na kuhamia mwezi ujao, masomo yatajulikana mbele ya safari. Mnajua masomo ya namna hiyo yanavyojulikana. Mtoto wa kwanza anafika, wa pili anafuata, vitabu vinabaki vya kufunikia mtungi. Ndiyo sababu nilisafiri.

Jumamosi alfajiri niliondoka hapa na pikipiki yangu. Nasema yangu, na nitalirudia neno hilo, kwa sababu siku ile hakuna aliyelisikia. Niliinunua kwa mahindi yangu baada ya baba watoto kufariki, na mnaiona kila siku ikipeleka maziwa barabarani. Nilivaa gauni langu la kitenge lile la kijani, nikajifunga leso kiunoni, koti juu, nikaondoka. Ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba hata taa haikumulika mbali. Webuye nilipita watu wakifungua vibanda, na kufika Malava jua lilikuwa limeshapanda, nikavua koti.

Kakamega mjini nilisimama kununua majani ya chai, sukari na mkate, maana senje haingii kwa kaka yake mikono mitupu. Nilimpigia Nafula, akaniambia wageni wanategemewa saa saba. Nilikuwa na muda wa kutosha na wa kubakiza. Nikashika barabara ya Mumias nikiimba, kwa kweli nilikuwa na furaha. Miwa ilikuwa imesimama kushoto na kulia, na trekta za miwa zilikuwa barabarani na matela yao, kila moja ikidondosha vipande njiani. Na si miwa peke yake inayodondoka. Matela yale yamefungwa kwa misumari na matumaini.

Karibu na Ekero pikipiki ilianza kuyumba nyuma kama mtu aliyelewa. Nikashuka, nikaona msumari umezama kwenye tairi ya nyuma mpaka kichwani. Niliisukuma hadi senta, na kwa bahati fundi wa pancha yuko pale pale mwanzoni, chini ya paa la mabati. Jina lake Rajabu. Akanisalimia kwa Asalaam aleikum na upole mwingi, nami nikamwitikia. Kisha akatazama nyuma yangu, barabarani, akauliza, "Mwenye pikipiki anakuja?"

Nikamwambia amekuja. Akatabasamu kama mtu aliyesikia mzaha, akaendelea kutazama barabarani.

Palikuwa na wanaume kama watano wamekaa kwenye benchi, wote wa boda, wakisubiri abiria. Rajabu alifungua gurudumu, akatoa tyubu, na wale wote wakainuka kuja kuikagua tairi. Jamani, sijawahi kuona baraza likiketi haraka namna ile. Mmoja alisema izibwe, tairi hiyo bado inaendanga. Mwingine akasema imelika katikati, ibadilishwe. Wa tatu akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, wakacheka. Walibishana juu ya uzito wa abiria, juu ya mvua, juu ya barabara ya Musanda ilivyo mbovu. Nilisimama pale katikati yao na gauni langu la kijani, na hakuna hata mmoja aliyegeuza shingo kuniuliza mama unaonaje. Mimi ndiye niliyejua nimeipandia wapi tairi ile na imebeba nini. Hasira ilianza kunipanda hapo, lakini nikaimeza, nikasema nina safari.

Nikamwambia Rajabu izibwe, nina haraka, naenda kwa Makokha wa Musanda kwenye shughuli, na mimi ni dada yake. Hilo ndilo kosa nililofanya. Jina la Makokha lilimwamsha. Kumbe anamjua, ndiye anayemtengenezeanga pikipiki. Akafuta mikono, akaenda kando na simu yake. Nilidhani anaulizia gundi.

Aliporudi aliniletea kiti. Akaniambia nikae, nisiwe na wasiwasi, kila kitu kimepangwa. Nikakaa. Nikanunua chai. Tyubu ilikuwa imening'inia kwenye msumari ukutani, haijaguswa, na gurudumu limelala chini. Kila nikiuliza, Rajabu ananiambia kidogo tu, mama, inakuja. Nini inakuja? Kiraka kinatoka wapi, Ulaya? Jua likafika utosini, nami bado nimekaa.

Saa sita na kitu Nafula akapiga simu. Alikuwa ananong'ona, nadhani alikuwa nyuma ya jiko. Wageni wamefika mapema, kuku wako karibu kuwekwa mezani. Halafu akaniuliza kwa sauti ambayo sitaisahau: "Senje, ni kweli umekataa kuondoka Ekero mpaka upate tairi mpya? Baba amewaambia wageni umetoa ruhusa waendelee."

Ala! Nilisimama, kikombe kikaanguka.

Nikamuuliza Rajabu alimpigia nani simu. Hakuficha, maskini, hata hakujua kuna la kuficha. Alisema alimpigia mzee Makokha kumuuliza tairi izibwe au ibadilishwe, na mzee akasema dada yake asiruhusiwe kuondoka na tairi iliyolika, angoje mpya, kuna mtu atatumwa Mumias kuileta, atalipa yeye mwenyewe. Rajabu alilisema hilo kwa sifa, kama ananipa habari njema ya kaka anayempenda dada yake. Na wale wa benchini wakatikisa vichwa, wakasema makaka kama huyo ni wachache.

Kuuliza si ujinga, nakubali. Lakini unamwachaje mwenye tairi amekaa kitini mbele yako, umpigie simu mtu aliye Musanda ambaye hajawahi hata kuigusa? Angekuwa mwanamume ameketi kwenye kile kiti, angepigiwa simu dada yake? Niliwauliza hivyo, kwa sauti, na wapita njia wakasimama. Hasira yangu haikuwa ya tairi tena, mnaelewa. Kule Musanda palikuwa na msichana nyuma ya jiko, naye pia alikuwa akiamuliwa mambo yake na baraza la watu waliokaa.

Nikamwambia Rajabu azibe. Akakuna kichwa. "Mama, ukianguka huko mbele, Makokha ataniuliza mimi."

"Na nisipofika, wewe utaulizwa na nani?"

Basi nikakunja gauni, nikakaa chini kwenye vumbi na mafuta, nikachukua tyubu ukutani. Ninyi mnanijua. Huku kwetu ukipata pancha katikati ya mahindi hungoji fundi, utangoja mpaka yakomae. Niliijaza upepo, nikaizamisha kwenye karai la maji mpaka tundu likatoa mapovu, nikaikausha, nikaisugua kwa msasa, nikapaka gundi, nikabandika kiraka. Tairi nayo ilikuwa na tundu, hivyo nikakata kipande cha tyubu kuukuu kilichokuwa pale chini, nikakiweka ndani kati ya tairi na tyubu. Mmoja wa boda akasema kumbe huyu mama anaweza. Nikamwambia afunge mdomo. Rajabu mwenyewe akaja na pampu, akajaza upepo bila neno, akafunga gurudumu, na nilipomlipa hakutaka kunitazama usoni.

Kutoka Ekero hadi Musanda siwezi kuwasimulia niliona nini, maana sikuona kitu. Nilipita Mumias kama mwizi, lami ikaisha, vumbi likaanza. Niliomba tu kwa Mungu kiraka kishike.

Musanda nilifika wakati mtoto wa jirani amesimama na birika na beseni mbele ya wageni, tayari kuwanawisha. Nilizima pikipiki karibu kabisa na hema. Mikono yangu ilikuwa myeusi, gauni lina mafuta, leso imelegea. Kaka yangu aliruka kitini akaja akicheka kicheko cha watu wazima wanaoficha jambo. "Dada, karibu, karibu! Pole na safari. Kaa kwanza ule."

Nikamwambia nitakula, lakini nina neno langu kwanza. Akanishika mkono kuniongoza jikoni. Nikautoa.

Mzee wa upande wa kijana, mtu mrefu mwenye mvi, alikuwa ameshanyoosha mikono juu ya beseni. Akairudisha magotini. Akauliza huyu ndiye senje? Akaambiwa ndiye. Akasema wao waliambiwa senje ametoa ruhusa kwa simu, lakini kama amekuja kwa miguu yake, basi maji yangoje. Namshukuru mzee yule mpaka leo. Hakuwa na sababu ya kunisaidia.

Nafula akaitwa. Alikuja na leso kichwani, macho chini, akasimama katikati. Nikamuuliza kama desturi inavyotaka.

"Nafula, watu hawa unawajua?"

"Nawajua, Senje."

"Wazee wapokee walicholeta?"

Nilimwona kaka yangu akiuma midomo. Kisha mtoto akainua uso, si kwangu bali kwa yule kijana mwenyewe, ambaye alikuwa ameketi mwisho wa safu amevaa suti.

"Simkatai," akasema. "Lakini naomba wangoje nimalize chuo."

Kijana alitazama viatu vyake, halafu akatikisa kichwa kukubali, kidogo tu, ila niliona. Yule mzee akasema anayeomba kungojwa hajafukuza mtu. Akanyoosha mikono, maji yakamiminwa, wakala. Walicholeta walirudi nacho, na waliaga kwa heshima. Kaka yangu hakugusa chakula. Mimi nilikula mpaka nikashiba, maana nilikuwa sijaweka kitu tumboni zaidi ya chai ya Ekero.

Jioni ile hakunisemesha. Niliambiwa na mke wake kwamba alikuwa ameshampa yule mzee neno lake, na aliona aibu kulirudisha. Nasikia. Lakini neno lake alilitoa kwa mdomo wake na alitaka kulilipa kwa miaka ya mtu mwingine. Aibu hiyo aimeze mwenyewe.

Asubuhi ya Jumapili nilijitayarisha kurudi. Nafula alikuwa anaenda nami, darasa lao lilikuwa linaanza Jumatatu. Nilimkuta kaka yangu amechuchumaa nyuma ya pikipiki, anaibonyeza tairi kwa kidole gumba. Ilikuwa imelika kweli. Akaniuliza bila kuniangalia, "Hii itafika?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia ikikwama, mimi ndiye nitakayeisukuma, si yeye.

Alibaki amechuchumaa. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na nadhani mara hii methali hiyo ilimfikia bila mimi kuitaja. Akainuka, akaenda ndani, akarudi na begi la Nafula, akalifunga mwenyewe kwa mpira nyuma ya kiti. Alimwambia binti yake asome.

Haikufika. Nawaambia ukweli kwa sababu mmeona nilivyorudi nimechafuka, na wengine mmecheka. Tulivuka Mumias, tukapita Ekero bila kusimama, na kwenye mlima fulani kabla ya Kakamega mjini tairi ikapasuka kwa mlio kama wa bunduki. Ilipasuka pembeni, mbali na kiraka changu, lakini imepasuka. Yule mwanamume wa benchi aliyesema ibadilishwe alisema kweli. Nalikubali hilo na linaniuma. Ningeulizwa kwa heshima pale Ekero siku ambayo sina haraka, labda ningesema vivyo hivyo. Lakini kusema kweli juu ya tairi ya mtu hakukupi haki ya kumfungia kwenye kiti akingoja uamuzi wa kaka yake. Hilo ndilo nililojifunza, na nimelijua nikiwa na mjukuu. Nina hasira kwamba imechukua muda wote huo.

Tulishuka tukasukuma. Jua lilikuwa kali, mlima mrefu, na Nafula alikuwa amevaa viatu vya kanisani. Nilitegemea alalamike. Katikati ya mlima nikamwambia pole, mwanangu, nimekuletea taabu, ungekuwa nyumbani umepumzika.

Alivua viatu, akavifunga kwenye begi, akarudisha mikono kwenye kiti cha pikipiki.

"Sukuma, Senje," akasema. "Darasa ni kesho."