Salamu za Bi Zuleha kwa Mashine

Bi Zuleha wa Bigwa hajawahi kumwuzia mtu kitu kabla ya kumjulia hali. Sokoni Morogoro mjini, alikouza mboga tangu usichana wake, mteja aliyeuliza bei kabla ya salamu alipewa salamu kwanza, bei baadaye, na bei yenyewe ilikuwa ya adhabu. Kwa hiyo kampuni moja ya Dar inayolisha mahoteli ilipomwambia kwamba oda za stroberi sasa zitaingia kwenye simu yake, ndani ya mfumo, alikubali yote. Jambo moja tu hawakumtajia: kwamba huko ndani hakuna mtu.

Mfumo haukuwa na makuu. Oda inaingia jioni, muuzaji anabonyeza "Nakubali" au "Nakataa", basi. Chini kabisa palikuwa na kisanduku cha "Maelezo mengine", ambacho bila shaka waliokiweka waliamini hakuna atakayekuwa na maelezo mengine. Bi Zuleha alikuwa nayo. "Asalaam aleikum. Habari za huko kwenye joto? Huku mvua imenyesha, hatujambo, mama mkubwa bado anakohoa." Anatuma, roho yake imetulia kama ya mtu aliyepiga hodi kabla ya kuingia.

Mashine, kila ilipoona maandishi pale, iliona tatizo, ikaiweka oda pembeni ingoje mtu wa kuisoma. Mtu alipofika ofisini asubuhi, lori la kampuni lililopakia vitunguu Gairo lilikuwa limeshapangiwa vituo vyake, na Bigwa haikuwamo. Likapita mjini moja kwa moja. Bi Zuleha akabaki na makreti ya stroberi, tunda ambalo halikujaliwa subira. Mara ya kwanza aligawia majirani. Mara ya pili majirani walianza kumkwepa. Kisha ukaja ujumbe: oda ikikosa mzigo tena, anaondolewa.

Hilo ndilo lililomkosesha usingizi. Wanawake wa ukoo wake kule mlimani waling'oa maharage wakapanda stroberi kwa neno lake yeye. Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama, na lawama hufuata ardhi. Kuonekana mwongo mbele ya mama wakubwa ni jambo ambalo mtu huzikwa nalo.

"Mimi simo," alisema mumewe, Hafidhi, mstaafu wa kiwandani Mzinga. "Shamba ni la ukoo wenu. Mimi hapa mgeni tu."

Ugeni huo ulikuwa na miaka thelathini, na mgeni alikuwa amenenepa.

Kesho yake simu ikalia. Alikuwa Judith, binti wa kampuni ile ile ambaye kazi yake ni kusoma vilivyowekwa pembeni.

"Shikamoo, mama. Samahani, pale chini huwa unaandika nini?"

"Marahaba, mwanangu. Nasalimia."

"Unamsalimia nani?"

"Aliyeagiza."

"Hakuna aliyeagiza, mama. Ni mfumo."

"Huo mfumo hauna wazazi?"

Judith akacheka, kisha akaeleza taratibu: pale paachwe patupu, ukiandika hata neno moja oda inakwama. Na kabla ya kukata, akauliza, "Mama mkubwa anaendeleaje na kikohozi?" Bi Zuleha alikaa na swali hilo mkononi kama chenji iliyozidi. Kumbe kuna mtu alikuwa akisoma.

Oda iliyofuata ilikuja baada ya mvua ya mawe. Mlimani nusu ya stroberi zilikuwa zimelala chali kwenye matope, na mfumo unataka mzigo kamili. Bi Zuleha aliitazama simu. "Nakubali" ni uongo. "Nakataa" ni kufukuzwa. Kuandika ukweli pale chini ni kufukuzwa pia, ila kwa maelezo.

"Sokoni ningesema nusu leo, nusu wiki ijayo, na tungecheka," alisema.

"Mwambie basi," alijibu Hafidhi. "Si rafiki yako?"

Akampigia Judith. Alimsalimia kikamilifu, akauliza joto, foleni, wazazi na ndugu wa Judith mmoja mmoja mpaka wakaisha. Ndipo akataja mvua.

"Usibonyeze kitu, mama," Judith alisema haraka. "Naifuta hiyo. Nakutumia nyingine ya nusu sasa hivi."

"Si ulisema humo ndani hakuna mtu?"

"Leo yupo."

Oda mpya ikaingia. Bi Zuleha akabonyeza "Nakubali". Kidole kikasimama juu ya kile kisanduku kitupu, kikarudi. Lakini mazoea yana taabu: aliisogeza simu mdomoni, akasema kwa sauti, "Asalaam aleikum," ndipo akatuma.

"Imeitikia?" Hafidhi aliuliza.

"Nyamaza, mgeni."

Asubuhi lori la Gairo lilikata kona kuja Bigwa. Dereva wake, Athanas, alishuka akinyoosha mgongo. "Mama, tulidhani umehama!" Makreti yakapanda juu ya vitunguu, na habari ikapanda mlimani kabla ya chai kupoa.

Miezi kadhaa baadaye mfumo ulipata sehemu mpya, iliyoitwa "Salamu", ambayo haizuii oda. Inasemekana mafundi walimwuliza Judith sehemu hiyo inafanya kazi gani, naye akawajibu kwamba haifanyi kazi yoyote, na ndiyo maana inahitajika. Wauza karanga wa Gairo huitumia kulalamikia wakwe zao. Bi Zuleha akiandika zake, jibu hurudi papo hapo: "Salama. Habari za nyumbani?"

"Hiyo ni mashine," Hafidhi humkumbusha asubuhi wakingoja lori. "Kila siku maneno yale yale."

"Na wewe kila asubuhi hunijibu nini?"

Hafidhi huinuka kwenda kumsaidia kutoa makreti nje, maana honi ya Athanas imeshasikika kwenye kona.