Udongo Mweusi wa Shubiri Mbili

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, kwenye mlima unaotazama ziwa, sehemu tuliyopewa ilikuwa msitu mtupu. Nilikuwa balozi wa nyumba kumi, kijana mwenye sauti kubwa kuliko akili, na msitu ule niliupendea udongo wake. Ulikuwa mweusi, laini, wenye harufu ya majani yanayooza. Mke wangu aliuchukua kiganjani, akaunusa.

"Unakwenda chini kiasi gani, baba watoto?"

Nilimwambia hauna mwisho.

Wiki hiyohiyo nikachimba choo. Shubiri mbili tu, jembe likagonga udongo mwekundu, mgumu. Nilisimama shimoni nikiangalia ukuta wake: mstari mweusi mwembamba juu, na wekundu mpaka miguuni. Niliogopa, sitaficha. Lakini keshoye kulikuwa na mkutano, na mimi ndiye niliyeahidi kwamba tutafyeka mpaka kileleni. Nikatandaza magogo juu ya shimo, nikayakandika, nikanyamaza.

Tukafyeka, tukachoma, tukang'oa hadi visiki. Majani yaliyooza pale miaka na miaka yaliondoka na moshi kwa siku tatu. Mke wangu aliomba tubaki na shamba letu la zamani bondeni, nyuma ya Ujiji, angalau kwa maharage. Nikamkatalia mbele ya watu.

Mwaka wa kwanza mahindi yalitupita vichwa, nikatamba hadi soko la Mwanga. Wa pili yaliishia kifuani. Kila mvua iliponyesha, kijito kilishuka ziwani kikiwa cheusi kwa udongo wetu. Mwaka wa tatu kijito kikawa chekundu, na mahindi yakakauka yakiwa ya magotini.

Choo nacho kikajaa. Nikaanza kuchimba kingine, mke wangu amesimama kando na mtoto mgongoni, ghalani hamna kitu. Pigo la kwanza tu la jembe likatoa udongo mwekundu. Akainama, akauchukua kiganjani, akaunusa kama zamani. Haukuwa na harufu yoyote.

Alikitazama choo cha zamani, kisha akanitazama mimi.

"Ulipochimba kile, ulikuta nini?"

Nikamwonyesha kwa mkono: shubiri mbili.

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza. Alimweka mtoto vizuri mgongoni, akachukua jembe mkononi mwangu, akashika njia ya bondeni kwenda kulima shamba letu la zamani.

Nilimfuata hatua chache, nikasimama. Shamba lile nilikwisha kulitoa kwa watu wengine, kwa sahihi yangu mwenyewe, na hilo pia sikuwa nimemwambia.