Kosa Lililogoma Kutoka

Binti yangu hutengeneza programu inayogeuza maandishi ya mafundi wa programu kuwa lugha ya kompyuta. Tangu juzi ilikuwa inachukua namba kama neno. Alirekebisha, akaijenga upya, kosa likabaki lilelile. Bosi wake alisema isipokubali leo, kazi atapewa mwingine.

"Kunywa chai, mwanangu."

"Mama, chai itarekebisha kompyuta?"

"Itakurekebisha wewe."

Hakucheka. Ghafla akajipiga paji la uso. Kumbe hakufuta vipande vya zamani vya programu, vyenye lile kosa, kabla ya kujenga, na kompyuta ilikuwa ikiviunganisha hivyohivyo. Akavifuta, akaanza upya. Namba ikapita, lakini makosa mapya yakajaa kioo kizima. Akampigia bosi kuomba muda hadi kesho. Nilimtazama uso, nikajua amekataliwa kabla hajakata simu.