Godoro la Unga wa Mvule

Mlango wa nyumba yangu ya Kebirigo ni wa mvule, na mchwa hawajaugusa tangu mume wangu alipoutundika kwenye bawaba zake mwishoni mwa miaka ya sitini. Miimo yake ya mkaratusi nimeibadilisha mara tatu. Mlango wenyewe uko vilevile, mzito, umegeuka kutoka manjano ukawa kahawia iliyokolea, na kila asubuhi nikiufungua nauchukia.

Mume wangu alikuwa seremala. Mvule hauoti kwetu kwenye baridi ya milimani. Ulikuja kwa lori kutoka upande wa Uganda. Aliniambia mbao zake hazipindi zikishakauka vizuri, maji hayaziozeshi, na mchwa wakizionja huenda kutafuta chakula kwingine. Ubaya wake mmoja, alisema, ni jiwe. Ndani ya gogo la mvule huweza kukaa jiwe jeupe, gumu, lisiloonyesha dalili yoyote kwa nje, na msumeno ukilikuta meno yanakwisha. Aliliogopa jiwe hilo kuliko kitu kingine chochote, nami nikajifunza kuliogopa. Sote wawili tukawa tunaangalia jiwe.

Kikohozi kilimwanza msimu wa mvua ndefu. Nikasema ni baridi, maana kwetu kila kifua ni baridi. Banda lake la kazi lilikuwa limeegemea ukuta wa nyumba. Nikachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nikaziba kila ufa, nikatundika magunia dirishani. Akafanya kazi humo ndani kama yumo kwenye chungu, unga wa njano wa mbao ukimkalia kwenye kope.

Tulikuwa Wasabato. Ijumaa jua likishuka msumeno uliwekwa chini, na Jumamosi jioni, tukitoka kanisani, alikuwa anapumua kama mtu asiyeumwa. Jumapili anaanza kazi, Jumatatu kifua kinapiga miluzi. Ikawa hivyo wiki baada ya wiki. Nani asingeona mkono wa Mungu hapo? Mimi niliuona. Nilisimama mbele ya kanisa nikashuhudia kwamba Sabato inamponya mume wangu, akina mama wakaitikia amina. Tukaongeza kufunga, tukaongeza maombi. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza ni nini hasa kilichokuwa kikipumzika siku hiyo.

Alipokonda sana tulimpeleka hospitali. Walidhani ni kifua kikuu, wakamlaza wiki kadhaa, akapata nafuu, hata mashavu yakarudi. Nikaambiwa siku ya kumchukua, nami nikataka akute kitu kizuri nyumbani. Godoro letu lilikuwa la majani makavu ya migomba, limejaa kunguni na viroboto. Nikawaza, nikajiona mwerevu: kama mchwa wanaukimbia mvule, viroboto watauwezea wapi? Nikazoa unga wote uliorundikana bandani, ule laini kabisa, nikaupepeta kwa ungo, nikashona magunia mawili ya sukari pamoja na kuyajaza.

Alipolala juu yake mara ya kwanza alicheka. "Mama watoto, hata vumbi hukuliacha," akaniambia. "Buya mono." Kwa Kikisii hiyo ni kusema vizuri sana, na kwake yeye, asiyekuwa mtu wa kusifu, ilikuwa hotuba. Nilitembea siku nzima nikitabasamu peke yangu.

Siku ya tatu hakuweza kulala chali. Wiki ya pili hakuweza kusimama. Sabato ikapita bila nafuu yoyote, nikaona Mungu ametuacha, nikalia mbele ya watoto bila kujificha. Nilimfukiza majani ya mkaratusi, nilimkanda mgongo, nilikimbia huku na huku kama kuku. Na kila asubuhi, ili godoro lisishikane, nilimsogeza upande mmoja nikalipigapiga kwa mikono yote miwili, palepale alipolala.

Ijumaa moja dereva wa lori akaleta mbao tulizoagiza kabla ya ugonjwa. Kabla ya kushika usukani alikuwa mpasuaji mbao miaka mingi. Akaingia kumjulia hali mgonjwa, akakaa ukingoni mwa kitanda. Nikaona anabonyeza godoro, anasugua vidole, anavinusa.

"Mama, hii ndani ni nini?"

"Unga wa mvule," nikamjibu, bado najivuna.

Akainuka, akaniomba tutoke nje. "Toa hiyo kitu saa hii," akasema. "Huko kwetu tukipasua mvule tunafunga nguo puani. Na mtu akishakataliwa na hiyo vumbi, hakaribii tena. Inamfunga pumzi."

Nililiburuta godoro hadi migombani mvua ikinyesha, nikalipasua kwa panga. Kila nilipolipiga panga, nilikuwa kama najipiga mwenyewe. Mume wangu nikamlaza juu ya mbao za kitanda na blanketi moja, naye mbavu zilikuwa nje. Nilijaribu kumwambia. Nilikaa kando yake, nikaishia kumfunika blanketi upya. Ningemwambia nini? Kwamba kitu pekee alichonisifia ndicho kilichokuwa kinamuua?

Aliishi siku nne.

"Nirudishie godoro langu," aliniomba mchana wa mwisho, neno mojamoja. "Mbao zinaniumiza."

Nikamwambia limelowa mvua, nimelianika, likikauka nitamletea. Akaitikia kwa kichwa, akangoja. Kila nilipoingia kwa ule mlango wake, hakunitazama usoni. Alinitazama mikononi, aone kama nimelibeba.